Imewashwa kwenye Mashine Halisi

Uongo wangu niliuandika nikiwa na chapati mkononi. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, kwenye kibanda kimoja nyuma ya majengo marefu ya Upper Hill, pale sisi watu wa ofisini tunaposhuka kula ndengu kwa sababu chakula cha kantini hakina ladha. Laptopu ilikuwa wazi kando ya sahani. Kwenye skrini kulikuwa na jedwali, na ndani ya jedwali swali moja lilikuwa likinisubiri mimi peke yangu: je, tawi hili limewashwa kwenye mashine halisi? Nilijipangusa kidole, nikaandika "ndiyo", nikarudi kwenye ndengu zangu. Hazikuwa hata zimepoa.

Nieleze, maana kazi yenyewe haijulikani na wengi, na wenzangu ofisini huiona kama aina fulani ya ugonjwa. Kuna mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hauuzwi. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, na wanaoutunza ni watu wa kujitolea waliotawanyika nchi nyingi. Kila aina ya kompyuta ina tawi lake la mfumo huo, na kila tawi lina mtunzaji wake. Mimi natunza tawi la kompyuta ambazo kiwanda chake kiliacha kuzitengeneza zamani, mashine nzito zenye feni za kelele, ambazo watu wenye akili timamu walishazitupa. Watumiaji wake waliobaki ni wachache na wengi wao nawajua kwa barua pepe tu. Mmoja namjua kwa sauti.

Huyo ni Guka. Si babu yangu wa damu. Guka ni babu kwa Kikuyu, na kule Kinoo nilikokulia kila mzee wa rika lake ni guka wa watoto wote wa jirani. Alizaliwa haoni. Maisha yake ya kazi yote aliyamaliza katikati ya jiji, kwenye chumba kidogo cha ofisi kubwa, akiunganisha simu za watu, kazi ya operator. Visikizi vya simu vilimla sikio la kushoto lote na la kulia nusu. Ukitaka kuongea naye unakaa upande wa kulia na unapaza sauti, na mkiwa sebuleni kwake hata majirani wanapata habari zako. Kwa hiyo hizi simu za kisasa zinazomsomea asiyeona, ambazo wenzake wote wanazifurahia, kwake ni kelele tu. Guka amebakiwa na vidole.

Alipostaafu, ofisi ilimwachia vitu viwili alivyokuwa akivitumia: kompyuta ya aina hiyo ninayoisema, na kibao cha nukta. Kibao hicho ni kisanduku chembamba chenye safu ya pini ndogo juu yake. Kompyuta ikituma maneno, pini zinapanda na kushuka na kuwa maandishi ya nukta, naye anapitisha kidole. Mstari ukiisha anabonyeza, unakuja mwingine. Kinaunganishwa kwa plagi ya zamani yenye skrubu mbili, na hakielewani na kompyuta nyingine yoyote. Nimejaribu tatu na zote kilizikataa.

Kila asubuhi Guka alisoma gazeti la mtandaoni kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kidole kimoja tu kilichofundishwa kazi hiyo tangu shule ya msingi. Kabla ya kupata kompyuta nyumbani, mkewe ndiye aliyekuwa akimsomea. Cucu, yaani nyanya, alikuwa na tabia moja: akifika kwenye matangazo ya vifo na kuona jina la mtu wanayemfahamu, aliliruka. Alifanya hivyo kwa huruma. Guka alikuja kujua juma moja au mawili baadaye, mazishi yameshapita, na siku hiyo nyumba nzima ilinyamaza. Aliwahi kuniambia kwamba tangu hapo hamwamini mtu yeyote anayeongea naye kwa upole.

Nilikuwa chuoni wakati mfumo uliokuja na kompyuta yake ulipokufa. Nilitafuta dawa nikaupata huu wa bure, nikaandikiana na mtunzaji wa tawi, mzee wa nchi ya baridi aliyenijibu kila swali bila kuchoka. Miaka ilipita, yule mzee akachoka, akaniuliza kama nitalichukua tawi. Nilivimba kichwa. Nilimwendea Guka mbio nikamwambia, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, kwamba sasa mimi ndiye mtunzaji wa mashine yake na za aina yake duniani kote. Alicheka, akasema, "Basi mimi nina operator wangu." Cucu alipika mukimo siku hiyo, na aliniuliza kama kwenye huo utunzaji hakuna kijana mzuri.

Nilikuwa na mashine yangu ya aina hiyo pia, niliyoiokota kwenye ofisi iliyokuwa ikihama. Ilikaa chini ya meza katika nyumba yangu pale Dagoretti Corner, na kila toleo jipya la mfumo lilipokaribia niliiwasha, nikajaribu kila kitu, ndipo nikaandika "ndiyo" yangu kwa haki. Halafu Jumapili moja asubuhi ilitoa harufu ya plastiki inayoungua na kuzima. Niliibeba hadi kwa fundi mmoja wa barabara ya Luthuli, katikati ya jiji. Aliifungua, akaitazama kidogo tu.

"Madam, kapasita zote zimefura," aliniambia. "Na hii board, hata nikibadilisha, itakusumbua tu. Wachana nayo."

Kwenye mradi wetu kuna desturi. Tawi ambalo matoleo mawili mfululizo halijawashwa kwenye mashine halisi linahamishiwa stoo. Halifutwi, lakini hakuna tena anayelirekebisha, na watumiaji wake hawapati masasisho. Desturi hiyo ni ya haki kabisa. Programu ndani ya laptopu inaweza kujifanya mashine ya zamani, na sisi watunzaji wote tunaitumia mashine bandia ya namna hiyo kwa kazi za kila siku, lakini mashine bandia haina vumbi, haina joto, wala haichelewi pale mashine halisi inapochelewa. Ndiyo maana jedwali linauliza.

Mashine halisi nyingine niliyoijua katika jiji hili zima ilikuwa Kinoo, sebuleni kwa Guka. Nilichotakiwa kufanya ni kwenda kukaa pale asubuhi moja. Kutoka kwangu si mbali hivyo. Lakini kwa Guka hakuna kupita tu. Ukifika saa nne asubuhi utaondoka jioni, umeshakunywa chai mara tatu, koo limekauka kwa kupiga kelele, na Cucu amekuuliza mara mbili utawaletea mgeni lini, na mgeni anayemsema ana ng'ombe wa mahari nyuma yake. Nilijiambia nitaenda Jumamosi. Jumamosi ilipofika nikajiambia ile nyingine. Badala ya kwenda, niliipanga kompyuta ya Guka ijichukulie masasisho yenyewe kwenye mtandao, nikajisifu kwamba nimempunguzia usumbufu. Usumbufu niliopunguza ulikuwa wangu.

Toleo la kwanza niliandika "ndiyo" kwa kutumia mashine bandia na hakuna kilichoharibika. Ndiyo sababu la pili lilikuwa jepesi. Safari hii kulikuwa na mwenzetu wa ng'ambo aliyekuwa ameandika upya sehemu inayoongea na zile plagi za zamani. Aliniandikia kwa adabu: yeye hana mashine ya aina ile, hana namna ya kujua, anaomba mwenye mashine halisi na kifaa halisi ajaribu. Niliiwasha mashine bandia, ikawaka. Nikaandika "ndiyo", nikaongeza kwa kiburi kwamba hakuna tatizo lolote. Alijibu papo hapo kwamba tawi lile lina bahati kupata mtu makini kama mimi. Nilifurahi. Katika mambo yote haya, hilo la kufurahi ndilo linaloniuma zaidi. Nilifurahi kabisa, na nikaagiza chapati nyingine.

Yapata mwezi mmoja na nusu baadaye Cucu alinipigia simu ofisini.

"Mami, Guka ameacha kusoma."

"Ameacha aje, Cucu?"

"Anasema vidole vimekufa. Ni hii sukari. Daktari alimwambia iko siku itaingia kwa vidole. Sasa ananiambia nimsomee gazeti. Yeye mwenyewe ndio ameniambia."

Hapo nikajua mambo si mazuri. Guka ni mgonjwa wa kisukari kwa miaka mingi na sote tulijua ugonjwa huo unavyoua hisia za miguu na mikono. Ningependa kusema kwamba nilishuku kazi yangu papo hapo. Sikushuku. Nilimhurumia, nikasema maneno yanayosemwa, na Cucu aliponieleza kwamba wana miadi kwenye kliniki moja Upper Hill siku ya Jumanne, nikamwambia nitatoka ofisini niwapokee stejini, pale matatu zinaposhusha watu. Nilijiona mtoto mwema.

Jumanne Guka alikuja amevaa koti lake la kazini la zamani na kofia. Cucu alienda kupanga foleni ya kufunguliwa faili, nasi tukaketi kwenye benchi, mimi kuliani kwake. Chumba kilikuwa kimejaa watu waliokaa kimya, kila mmoja na ugonjwa wake. Nilimwinamia sikioni nikamuuliza inakuwaje hasa.

"Herufi zinapotea, mami," alisema. Sauti yake ni kubwa kila wakati, kwa kuwa yeye mwenyewe hajisikii. "Mwanzo wa mstari niko sawa. Nikifika mwisho, hakuna. Neno linakatika katikati. Kidole kinaniambia hakuna kitu hapo."

"Kila mstari?"

"Ile mirefu. Ile mifupi naisoma yote."

Kidole kilichokufa hakichagui mstari mrefu na kuacha mfupi. Plagi ile ya zamani, ndani ya mashine halisi, ina nafasi ya kushika herufi chache tu kwa wakati mmoja. Ukizituma haraka kuliko inavyoweza kuzipitisha, zinazofuata zinaanguka. Mashine bandia hailijui jambo hilo kwa sababu haina plagi. Nilikuwa nimeketi kwenye kliniki ya mishipa ya fahamu na mtu ambaye ugonjwa wake ulikuwa ndani ya programu yangu.

Bado nilitafuta pa kujificha. "Na Zaburi?" nilimuuliza, maana nilijua ana kitabu kimoja cha nukta cha karatasi. "Kwa Zaburi unasoma vizuri?"

"Zaburi naijua yote kwa kichwa. Hapo siwezi kujua kama nasoma ama nakumbuka."

Sasa ndio nieleze jambo linalonitia aibu kuliko ile "ndiyo". Nilikuwa na dakika ishirini, labda zaidi, kabla hajaitwa. Nilikuwa na jibu. Lakini kwa Guka hakuna kunong'ona. Ningelazimika kupaza sauti, mbele ya watu wote wale na muuguzi na askari wa mlangoni, niseme: Guka, vidole vyako ni vizima, ni mimi niliyedanganya. Nilifungua mdomo mara moja. Mama mmoja wa benchi la mbele alikuwa ametugeukia tayari, anasubiri kusikia. Nikamuuliza Guka kama anahisi baridi.

Daktari alikuwa kijana mchangamfu. Alimshika Guka mkono, akachukua kipini, akamwambia, "Sasa mzee, funga macho, uniambie ukisikia nikikugusa."

"Haya yamefungwa tangu nizaliwe, daktari," Guka alimjibu, na daktari akacheka mpaka akaomba radhi. Alimgusa kila kidole, mara kwa kipini, mara kwa pamba. Guka alisema "ndio" kila mara, na hakukosea hata mara moja. Kwenye miguu alikosea mara kadhaa. Daktari alituandikia dawa, akamwinamia sikioni, akamwambia kwa upole kwamba miguu aichunge lakini mikono iko sawa kabisa.

Tulipokuwa tukishuka kuelekea stejini, Cucu mbele na mfuko wa dawa, Guka alikuwa ameshika mkono wangu juu ya kiwiko, kama alivyozoea tangu nikiwa msichana.

"Umemsikia huyo?" aliniambia. "Ananificha. Ameongea na mimi pole pole, vile huyu wangu huongea akiruka watu waliokufa."

Nilipaswa kumjibu. Pale barabarani palikuwa na kelele za magari, hakuna ambaye angegeuka. Maneno matatu yangetosha: daktari anasema kweli. Lakini nilijua nikisema kweli ya daktari itanibidi niseme na yangu. Niliwapandisha gari nikawapungia mkono. Cucu alinipungia pia.

Alasiri hiyo sikufanya kazi ya ofisi hata kidogo. Kosa nililipata kabla ya saa za kutoka, na Jumatano mchana dawa yake ilikuwa tayari, mistari sita ya msimbo. Kwenye maelezo niliandika "marekebisho madogo ya plagi za zamani". Sikueleza nimelijuaje kosa wala nani lilikuwa limemuumiza. Kompyuta ya Guka ingejichukulia sasisho Alhamisi alfajiri. Na hapo, nikiwa bado kwenye kiti changu, nikapanga jambo la kipumbavu kuliko yote. Ataamka, nilijiambia, atagusa kibao, ataona herufi zimerudi. Atadhani ni dawa. Cucu atadhani ni maombi. Kila mtu atafurahi na hakuna haja ya kusema kitu. Nilianza hata kujiwekea tayari sauti ya mshangao, ya kujibia simu watakaponipigia.

Alhamisi simu haikupigwa. Ijumaa pia. Jumamosi nilinunua unga wa wimbi nikaenda Kinoo mwenyewe, kuushuhudia muujiza wangu.

Kitu cha kwanza nilichoona sebuleni ni kompyuta. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, vile wanavyofunika televisheni na redio. Kibao kilikuwa chini ya kitambaa hichohicho. Mashine yenyewe ilikuwa inanguruma ndani kwa ndani, maana hakuna aliyejua kuizima, na nilijua kwamba maneno yanafika kwenye pini zile sasa yakiwa kamili hadi herufi ya mwisho, na hakuna anayeyagusa. Guka alikuwa kwenye kiti chake. Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani, kidole cha shahada kimefungwa bendeji nene.

"Amejichoma," Cucu alipaza sauti kabla sijauliza. "Ile Jumanne jioni, tukitoka hospitali. Mimi nimeenda kukamua, yeye ameingia jikoni ameshika sufuria ya maziwa."

"Sikushika," Guka alisema. Alikuwa amenisikia nikiingia kwa mtikisiko wa sakafu. "Niliweka kidole. Nilitaka kujua."

Niliketi kuliani kwake. "Na ulisikia moto, Guka?"

"Nilisikia. Lakini mtu anajua moto ni moto. Singejua kama nasikia ama nakumbuka." Aliinua ule mkono kidogo, akaurudisha. "Ndio nikaweka tena, nikakaa nayo."

Cucu alikuwa ameshika chupa ya chai na vikombe viwili kwenye sinia. Ndipo nikasema. Nilisema kwa sauti ile ya kusikika barabarani, ile niliyotumia siku ya kujivunia, maana hakuna nyingine anayoisikia. Nilimwambia kwamba vidole vyake havikuwahi kufa. Kwamba herufi zilikuwa zinaanguka ndani ya mashine. Kwamba niliombwa nijaribu kwenye mashine halisi na sikujaribu, na nikaandika kwamba nimejaribu, na mashine halisi yenyewe ilikuwa hii iliyo hapa, na niliona uvivu kuja. Kwenye kila sentensi nilipumua na kuanza upya, na kila sentensi ilirudi masikioni mwangu ikiwa mbaya kuliko nilivyoiwazia. Nje, mtu aliyekuwa akipita kando ya ua alisimama.

Guka alinigeuzia sikio lake la kulia. Mkono wa kulia ulikuwa ukipapasa ukingo wa kiti.

"Ile siku ya hospitali," aliuliza mwishowe, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua tukiwa kwa benchi."

"Kabla ya daktari."

"Kabla ya daktari."

Cucu aligeuka na sinia yake akarudi nayo jikoni. Chai haikuletwa tena. Nimeingia nyumba ile tangu nikiwa mtoto wa kutambaa na hiyo ndiyo siku pekee niliyotoka bila kunywa chai, na nilijua maana yake. Guka aliniambia, si kwa ukali, "Mami, hebu toka nje kidogo." Nikatoka. Nilisimama kando ya zizi nikitazama ng'ombe akila nyasi, na nililia, na kulia kwenyewe kulinitia aibu, kwa sababu hakuna aliyenichoma mimi.

Aliponiita ndani, alikuwa amekishusha kitambaa mwenyewe. Kibao kilikuwa wazi lakini hakuwa amekigusa.

"Kuna mahali uliandika hiyo maneno," alisema. "Andika hapo ukweli. Na uniambie ukimaliza."

"Nikiandika wanaweza kuliweka tawi stoo, Guka. Mashine yako haitarekebishwa tena."

"Andika."

Niliandika pale pale, kwenye meza ya kulia chakula, kwa watu wote wa mradi. Nilieleza mashine yangu ilikufa lini, ni mara ngapi nimejaza jedwali kwa uongo, na kilichompata mtumiaji mmoja. Majibu yalikuja siku zilizofuata na yalikuwa ya upole, na upole ule sikuuweza. Yule mwenzetu wa ng'ambo aliandika kwamba kosa ni lake pia. Mwingine alikiri kwa siri kwamba naye hufanya hivyohivyo. Hakuna aliyenitukana. Walinipa toleo moja la majaribio: likiwashwa kwenye mashine halisi, mbele ya mtumiaji, tawi libaki. Lisipowashwa, stoo.

Bendeji ilitolewa baada ya wiki nyingi, maana kidonda cha mgonjwa wa kisukari hakina haraka. Ngozi iliyoota kwenye ncha ya kidole ni laini na inang'aa. Guka aliiweka kwenye pini, akaiondoa, akaiweka tena. "Ni kama nimevaa glavu," alisema. Kile nilichomfanya aamini kimekuwa kweli, na hakuna sasisho la kukirekebisha. Sasa anajifunza kusoma kwa kidole cha mkono wa kulia, kile ambacho maisha yake yote kilikuwa cha kubonyezea tu.

Siku hizi kila Jumamosi niko Kinoo. Cucu alirudisha chai katika mwezi wa pili wa safari hizo, bila maneno, na haniulizi tena habari za mgeni. Ninakuja na mfumo mpya, ninauweka kwenye mashine, halafu ninaketi kuliani kwa Guka naye anasoma ukurasa mmoja wa gazeti, matangazo ya vifo yakiwemo. Ukurasa aliokuwa akiumaliza kabla chai haijapoa sasa unachukua asubuhi nzima. Simharakishi. Hadi aufikie mwisho, jedwali langu linabaki tupu.

Mara kwa mara kidole kinasimama. Anakirudisha nyuma, anakipitisha tena, neno linamkatikia. Hapo ananigeuzia uso.

"Hiyo ni mimi ama ni wewe?"

Nami natazama kwenye skrini, neno liko pale zima, hakuna herufi iliyoanguka. Namwinamia sikioni na kupaza sauti ili asikie vizuri.

"Ni wewe, Guka."

Anatikisa kichwa, anarudi mwanzo wa mstari.